Mama yangu hakuambiwa kwamba ni nyongo

Wiki iliyopita nimetolewa mfuko wa nyongo hapa Leeds, Uingereza. Kilichoniliza si kidonda. Ni nesi aliyeniuliza, kabla sijasaini fomu ya ridhaa, kama ningependa nitafutiwe mkalimani wa Kiswahili. Kiingereza nakijua, miaka kumi na moja sasa nakifanyia kazi. Lakini siku hiyo nilikuwa na maumivu na hofu, nikasema ndiyo. Hazikupita dakika kumi, sauti ya dada mmoja wa Kikenya ikatoka kwenye simu, akaanza kunieleza kipeperushi cha upasuaji mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, bila kunidai hata senti. Nikamkumbuka mama yangu, kule Muheza, Tanzania.

Nilielezwa kwamba ini ndilo linalotengeneza nyongo, ule mfuko ni ghala tu. Ukitolewa, nyongo inashuka moja kwa moja utumboni na maisha yanaendelea. Vijiwe vilivyomo kwenye mfuko huo vikibaki, kimoja kinaweza kuteleza kikaziba mrija: macho yanakuwa ya manjano, au kongosho linavimba, na hapo mtu anaweza kufa. Nitapasuliwa kwa matundu madogo manne na tumbo litajazwa gesi. Ikishindikana, watanifungua tumbo. Mara chache mrija wa nyongo hujeruhiwa, na hilo ni jambo kubwa, nilijue kabla ya kusaini. Chakula mwisho masaa sita kabla, maji mwisho masaa mawili. Nikirudi nyumbani, homa, manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi au tumbo kuuma kupita kiasi, nipige simu namba hii, hata kama ni usiku wa manane.

Na bega. Waliniambia bega litauma kwa sababu ya ile gesi. Siku ya pili bega la kulia likaniuma kweli, kama nimebeba gunia la mahindi. Nikameza panadoli, nikatembeatembea sebuleni, nikalala. Bila ile karatasi ningejua moyo unasimama.

Sasa mama. Mwaka mzima alitibiwa vidonda vya tumbo, mpaka macho yakageuka manjano. Hospitali moja kubwa huko nyumbani ikampasua, na nasema hili kwa moyo wote: daktari yule alifanya kazi safi. Mama yuko hai kwa mikono yake. Lakini alipozinduka kwenye nusukaputi alikuta mrija umetoka ubavuni, na mwisho wake kimfuko chenye maji ya kijani. Akakifunika kwa kanga, wageni wasikione. Raundi ikaja, madaktari watano wakazungumza Kiingereza juu ya kitanda chake, wakaandika, wakapita. Karatasi ya ruhusa nayo Kiingereza, nusu yake vifupisho. Jirani akasema mama ametolewa ini. Mama mwenyewe aliamini anaoza ndani, na yale maji ya kijani ndiyo uozo wenyewe. Hakumwambia mtu.

Mama huyu ndiye aliyenifundisha kuchinja kuku! Nilikuwa na miaka tisa, amenishika mkono ndani ya karai: pitisha kidole chini ya ini, kile kifuko cha kijani usikibane, kikate pamoja na kipande kidogo cha ini, kikipasuka mchuzi wote unakuwa mchungu. Ni mwanamke gani wa kwetu asiyekijua kile kifuko? Ilitosha mtu ainame aseme, "Mama, kile kifuko cha kuku, chako kilijaa vijiwe, tumekitoa. Hayo maji ni nyongo, tumeipa njia ya kutokea mpaka ndani papone." Basi.

Najua mtaniambia nini. Umeenda kwa wazungu juzi, leo unatuona washamba. Daktari mmoja, wagonjwa wodi nzima, wengine wamelala chini, hayo maelezo atayatoa saa ngapi? Nayajua hayo, nimelala kwenye benchi la korido hiyo nikimsubiri mama. Wala sijasema huku ni peponi. Mimi nimengoja upasuaji miezi kumi na moja. Mama alingoja siku nne. Mimi niliruhusiwa jioni ileile, na karatasi ikasema lazima mtu mzima alale nyumbani kwangu usiku wa kwanza, nikabaki nahesabu nimwombe nani. Mama alikuwa na dada zake watatu na chupa ya uji. Huo utu wa kwetu siubadilishi na chochote.

Lakini msiniambie wenzetu wamezaliwa hivi. Huku nako daktari ndiye aliyekuwa akiamua mgonjwa aambiwe nini. Ni mama mmoja wa Scotland, Montgomery, ambaye hakuambiwa hatari za uzazi wake na mtoto akaumia, aliyekwenda mahakamani mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza. Akashinda mwaka 2015. Tangu hapo mgonjwa lazima aelezwe hatari ambazo kwake yeye zina uzito. Walidaiana mpaka wakafika.

Na hela? Kutoa kopi karatasi moja ni hela gani? Mwaka 2021 tulibadilisha sheria Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Kila tarehe 7 Julai tunakisherehekea Kiswahili duniani kote, na mimi huku navaa kitenge changu kwa fahari. Halafu mwenye hicho Kiswahili analala wodini Tanzania, anapewa karatasi asiyoweza kuisoma kuhusu tumbo lake mwenyewe. Hapo ndipo ninapokasirika, na sitaomba radhi.

Juzi nilirekodi kipeperushi chote kwa Kiswahili nikamtumia mama WhatsApp, dakika tisa. Akanipigia. "Mwanangu, kumbe yale maji yalikuwa nyongo? Hii hii ya kuku?" Akanyamaza kidogo. Miaka mitatu yote hajagusa maini, alidhani ya kwake yamekatwa. Kisha akaniomba niyaandike, mjukuu ayachapishe mjini kwa herufi kubwa: kuna mama mwenzake pale mtaani anapasuliwa Alhamisi.