Kata Mfarishi wa Dukani Bila Kusita

Kuna maneno nimeyasikia mara nyingi mpaka nimeona niyajibu kwa maandishi. Husemwa kwamba mtu anayechukua mfarishi wa dukani akaukata na kutengeneza vitambaa vya meza hajashona chochote, kachukua kazi ya kiwanda akaipunguza ukubwa. Mimi nashona, na sikubaliani na maneno hayo hata kidogo.

Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu: kitambaa cha juu, pamba katikati na kitambaa cha chini, vyote vimeshikwa pamoja kwa mistari ya uzi. Aliyewahi kuziunganisha tabaka hizo mwenyewe anajua kinachotokea. Kitambaa cha juu kinasukumwa na mguu wa cherehani, cha chini kinavutwa upande mwingine, pamba inasogea, na ukigeuza kazi unakuta mikunjo upande wa chini isiyoondoka hata kwa pasi. Hapo ndipo wengi wanaojifunza hukata tamaa, wakaifungia cherehani kabatini. Mfarishi wa dukani unakuvusha hapo. Kinachobaki ni kupima, kukata na kufunga ukingo, na kufunga ukingo vizuri ni ushonaji kamili. Fundi yeyote hutazama ukingo kwanza kabla ya kutazama rangi.

Juu ya meza nguo hii inafaa kweli. Ni nzito, kwa hiyo haitelezi wala kupinduka ncha. Sahani hazigongi mbao, na maji yakimwagika hunywewa na pamba kabla hayajafika pembeni.

Ila usikate mfarishi wowote. Tazama mistari yake. Ikiwa imeachana sentimita 15, kipande chako kidogo kitabaki na mstari mmoja au miwili tu, na baada ya kufuliwa mara kadhaa pamba itajikusanya kama donge kwenye kona. Mimi hutafuta mistari iliyokaribiana, sentimita 5 hadi 8, na mfarishi mwembamba, kwa sababu ule mnene unafaa kitandani lakini glasi haisimami vizuri juu yake. Kisha ufue kabla ya kukata. Nguo ya pamba ikiingia maji ya moto hurudi, na ni afadhali irudi ikiwa bado nzima kuliko baada ya kuzungushia ukingo wake utepe wa kitambaa. Mfarishi mwekundu au wa buluu iliyoiva, usugue kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikihamia kwenye kitambaa hicho, itahamia pia kwenye nguo nyingine.

Jambo moja nalisisitiza kwa yeyote atakayeweka sufuria ya moto juu ya kazi yake. Ukishakata, chomoa kipande kidogo cha ile pamba ya ndani, kishike kwa kibano juu ya sinki, ukiwashie moto. Pamba halisi huwaka haraka, hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu. Mfarishi wa poliesta hauna ubaya chini ya sahani, lakini usiuweke chini ya chombo kilichotoka jikoni sasa hivi.

Sasa ukataji, ambao ndio naupenda zaidi, kwa sababu mfarishi wa dukani unakuja na ukingo uliokwisha kushonwa pande zote nne, na watu wengi huutupa! Chukua wenye upana wa sentimita 170 na urefu wa 220. Kata ukanda wa sentimita 35 kutoka mwisho mmoja, upana wote. Umepata kitambaa kirefu cha katikati ya meza chenye pande tatu zilizokwisha fungwa, na kazi yako ni upande mmoja tu. Juu ya meza ya sentimita 130 kitaning'inia sentimita 20 kila mwisho. Katika kilichobaki, anzia kwenye pembe. Vitambaa vya kuwekea sahani vya sentimita 30 kwa 45 vikikatwa pembeni vinabaki na pande mbili tu za kufunga. Angalia kwanza kama pembe za mfarishi ni kali au za mviringo. Za mviringo nazo zinapendeza, mradi ukubali kwamba kona moja haitafanana na nyingine tatu.

Nililipia somo la ukingo. Mara ya kwanza nilichora vipande sita kwa chaki, nikavikata vyote, nikaviweka juu ya kiti nikijua nitavishona kesho yake. Nilipokishika cha kwanza, uzi wa mstari mmoja ulining'inia ukingoni. Niliuvuta kidogo tu, nikidhani ni uchafu, ukafumuka hatua tano, sita za mshono, na pamba ikachungulia nje. Vipande vyote vilikuwa hivyo, kwa sababu uzi ulioshika tabaka ulikuwa umekatwa na hakuna kilichouzuia. Tangu siku hiyo sikati kabla ya kushona. Nachora kwa chaki, napitisha cherehani milimita 5 ndani ya mstari kwa hatua fupi za milimita 2, kisha ndipo nakata kwenye chaki. Kila uzi unakuwa umefungwa mahali pake kabla mkasi haujafika.

Kwa cherehani, tumia sindano nene, namba 90 au 100, na hatua za milimita 3 unapofunga ukingo. Palipo na mrundikano wa nguo, zungusha gurudumu kwa mkono. Vibanio vya nguo ni bora kuliko pini, maana pini hukunjika kwenye unene huo.

Utepe wa ukingo naukata upana wa sentimita 6, naukunja katikati kwa urefu na kuupiga pasi. Kitambaa kimoja cha sahani, cha sentimita 30 kwa 45, ukikifunga pande zote nne kinataka utepe wa sentimita 150 kukizunguka, nami huongeza 25 za kona na maungio. Hakuna haja ya kuukata mshazari. Utepe wa mshazari unahitajika kwenye mviringo, na anayeanza asijipe kazi ya mviringo. Kingo mbichi za utepe ziende sambamba na ukingo wa kitambaa, ushone milimita 8 kutoka hapo. Ukikaribia kona, simama milimita 8 kabla, kata uzi, kunja utepe kwenda juu ili uweke mshazari, urudishe chini, kisha uanze tena kutoka ukingoni. Ukiugeuza nyuma, kona itakaa yenyewe kama bahasha. Upande wa nyuma namalizia kwa mkono, kwa hatua zilizofichika, ingawa cherehani ingemaliza kwa dakika chache. Kitambaa kilichomaliziwa kwa mkono hakina mstari wa uzi unaoonekana mbele, na mimi naona jioni moja ya kazi hiyo inastahili.

Nimesema kata bila kusita, na ninamaanisha mfarishi wa dukani. Ule ulioshonwa na mtu kwa mikono yake ni jambo jingine. Utautambua kwa hatua zisizolingana, kwa vipande vya nguo zilizowahi kuvaliwa, mara nyingine kwa jina lililotariziwa nyuma. Ninao mmoja alioushona mama yangu, na umechanika katikati mahali pawili. Nimewahi kuutandaza sakafuni nikiwa na chaki mkononi, nikihesabu ni vitambaa vingapi vizuri vingetoka pembeni. Nikaukunja tena. Pale palipochanika nimetia viraka viwili vya pamba ya buluu, na usiku huu umetandikwa kitandani kwangu.