Ghala likanipunguza, nikarudi kwenye cherehani

Miaka sita nilifunga maboksi kwenye ghala moja hapa Hamburg, Ujerumani. Barua ya kupunguzwa kazini ilipokuja, ndugu wa Dar walilia kuliko mimi. Niliwaambia watulie. Hapa ukishapewa taarifa unajiandikisha idara ya kazi haraka, na kama umechangia bima ya kukosa kazi miezi 12 ndani ya miezi 30, unalipwa asilimia 60 ya ulichokuwa unapokea mkononi, 67 ukiwa na mtoto. Nyumbani bima yangu ingekuwa kaka, shemeji, na mama lishe anayekubali kuandika deni.

Lakini ofisini waliuliza cheti. Cheti kipi? Ushonaji nimeupata barazani kwa shangazi, Magomeni: nilianza kwa kufumua na kupiga pasi, mwisho nakata gauni la kitenge kwa macho. Yeye mwenyewe vipimo vya wateja huandika nyuma ya madaftari ya wanawe. Basi nikaandikwa sina ujuzi. Iliniuma kuliko ile barua.

Hapo Dar inaishinda Hamburg kabisa. Kariakoo unapewa kipande ushone, mwenye ofisi anageuza nguo ndani nje, anakwambia njoo kesho au kwa heri. (Wateja wanaolia usiku wa kuamkia Idi gauni halijaisha ni wa kwetu pia, tusijisifu sana.)

Nikaanza kuingia duka hadi duka yale ya kurekebisha nguo. Duka la tatu, mzee wa Kituruki hakutaka karatasi. Alinirushia jinzi: fupisha, ila pindo la zamani libaki. Nilitaka kucheka! Suruali za mitumba nilizozipunguza Magomeni nyingine zilitoka hukuhuku Ujerumani. Nikakata, nikarudishia pindo, nikapiga pasi. Mwezi uliofuata nilikuwa na mkataba.

Kwa hiyo mnaponiuliza "ulisomea nini huko?" huku mkiamini cherehani ni ya waliofeli, mnanichosha. Na nyie mafundi mnaojiandaa kuja, msirudie kosa langu: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nyumbani Tanzania, wana utaratibu wa kuwapima waliojifunzia kazini na kuwapa cheti. Kitafuteni kabla ya tiketi.

Shangazi nilimtajia bei ya kufupisha suruali moja huku. Akanyamaza, halafu akauliza: "Na uzi analeta mteja?"