Stendi ya TV ya kujitengenezea: mbao au bodi?

Anayetaka kujitengenezea stendi ya TV jijini Nairobi hupewa rai mbili kabla hajashika msumeno. Ya kwanza: nenda soko la Gikomba, chagua mbao za saiprasi, zipigwe randa na mashine, umalize kazi wikendi hiyo hiyo. Ya pili: achana na mbao, zitakupindia, nunua bodi ya MDF (nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) kwenye maduka ya Industrial Area, ukatiwe na kuwekewa ejing, yaani ukanda wa kufunika kingo, papo hapo, urudi na vipande vya kufunga skrubu tu. Kila upande una hoja. Kinachosahaulika na wote ni maji: yale yaliyomo ndani ya mbao siku unapoinunua, na yale yatakayoifikia bodi ikishakaa sebuleni.

Tuanze na bodi, maana wanaoitetea hawajakosea. MDF ya milimita 18 huuzwa ikiwa futi 8 kwa 4. Imenyooka, haina vifundo, na msimu ukibadilika upana wake haubadiliki kiasi cha kukusumbua. Bodi moja inatosha umbo zima la stendi ya TV ya inchi 55. Mpe mkataji vipimo kwa milimita, usimtajie futi: uso wa juu 1500 kwa 400, sakafu ya chini 1464 kwa 400, pande mbili za 400 kwa 400, vigawanyo viwili vya 382 kwa 400, na rafu tatu za 475 kwa 400. Vyote vinatoka kwenye mikanda mitatu ya upana wa 400, hata ukihesabu milimita 4 ambazo msumeno hula kila unapokata. Anayeishi ghorofani hapaswi kuikatia nyumbani kwa vyovyote. Vumbi la MDF ni jembamba mno, lina gundi yenye fomalidehaidi, na huenda moja kwa moja kwenye mapafu. Malipo ya kukatiwa dukani ni pesa iliyotumika vizuri.

Lakini ichunguze pembe ya chini ya stendi ya bodi iliyokaa mwaka mmoja kwenye nyumba inayodekiwa kila asubuhi. Rangi imeinuka, ukingo umefura kama andazi, na ukiubonyeza kwa kidole gumba unamomonyoka. Bodi iliyofura hairudi hata ikikauka, kwa sababu nyuzi zilizoshindiliwa kiwandani zimeshaachana. Chanzo ni kwamba ejing huwekwa kwenye kingo zinazoonekana, na ukingo unaogusa sakafu huachwa wazi unywe maji. Dawa ni rahisi: paka kingo zote za chini rangi ya mafuta mara mbili kabla ya kuunganisha, kisha inua stendi kwa miguu ya milimita 80 hadi 100, tambara la kudeki lipite chini bila kuigusa.

Udhaifu wa pili ni skrubu. Ukiingiza skrubu ya milimita 4 kwenye ukingo wa MDF bila kutangulia na keekee ya milimita 3, bodi hupasuka katikati ya unene wake. Ukiiweka karibu na pembe chini ya sentimita 3, hupasuka vilevile. Hata ukiifunga vizuri, tundu hilo halipendi kufunguliwa. Nairobi ni mji wa wapangaji: stendi hushushwa ngazi za ghorofa nne, hupandishwa lori, kisha hupandishwa ngazi nyingine. Bodi iliyofunguliwa na kufungwa mara mbili huanza kuyumba, na kuanzia hapo gundi haikusaidii tena.

Mbao hazina tatizo hilo. Saiprasi huishika skrubu vizuri, haifuri na kumomonyoka kama bodi ikimwagikiwa maji, na mkwaruzo hutoka kwa msasa. Pia ina ugumu wa kutosha: kwa unene uleule, rafu ya MDF huinama takriban mara mbili zaidi ya ile ya saiprasi. Ndiyo maana rafu ya bodi isipite sentimita 60 bila kushikiliwa, na urefu ndio adui mkubwa, kwa kuwa ukiuongeza maradufu chini ya mzigo uleule kuinama huongezeka mara nane.

Basi mbona mbao zina sifa mbaya? Kwa sababu nyingi huuzwa mbichi, na mnunuzi huziunganisha kesho yake. Mbao hazifupiki kwa urefu kiasi cha kuonekana. Husinyaa kwa upana. Ubao mbichi wa inchi sita kwa moja unaweza kupoteza milimita 3 au 4 ukikaukia sebuleni. Unganisha mbao tatu za namna hiyo kuwa uso mmoja, uzikaze kwa skrubu zisizoruhusu kusogea, na baada ya miezi michache utaona nyufa ambazo sarafu ya shilingi kumi inaingia. Fundi hulaumiwa, gundi hulaumiwa, hata saiprasi yenyewe. Kumbe mbao zilikuwa tu hazijakauka.

Kwa hiyo, kama una subira, nunua mbao miezi miwili au mitatu kabla ya kazi. Chagua zenye vifundo vidogo vilivyoshikamana, uzitazame kwa urefu kama mtu anayelenga shabaha ili uone kama zimejikunja, na usizipige randa bado. Zilaze ndani ya nyumba, mbali na jua, zikitenganishwa kwa vijiti vinene kiasi cha inchi moja kila baada ya sentimita 45, na uweke uzito juu. Paka ncha rangi yoyote iliyobaki, maana maji hutoka haraka mno kupitia ncha na kuzipasua. Kata pia kipande cha futi moja kutoka katikati ya ubao mmoja, nacho ukipake ncha, ukipime kwa mizani ya jikoni kila Jumamosi. Uzito ukikaa palepale kwa wiki mbili au tatu mfululizo, mbao zimeizoea hewa ya nyumba yako. Hapo ndipo randa.

Asiye na subira hiyo achukue bodi, bila aibu. Bodi iliyoinuliwa na kuzibwa kingo ni bora kuliko mbao mbichi, hata kama mbao hizo ziligharimu zaidi.

Hata hivyo sioni sababu ya kuchagua upande mmoja tu. Stendi ninayoipendekeza ina fremu na uso wa saiprasi iliyokauka, huku sehemu pana zisizobeba mzigo mkubwa zikiwa plaiwudi. Kwa urefu uleule wa 1500, uso unahitaji vipande vitatu vya sita kwa moja, kila kimoja futi 5. Vikipigwa randa na kuunganishwa kwa gundi hutoa upana wa karibu sentimita 42. Miguu sita ya mbili kwa mbili hula futi 10, na mihimili ya tatu kwa moja kama futi 25. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya vifundo na makosa. Uso usiufunge kwa nguvu: tundu kwenye mhimili liwe la milimita 7 kwa skrubu ya 4, tena uweke washa (kisahani cha chuma chini ya kichwa cha skrubu), ili mbao zipate nafasi ya kutanuka wakati wa masika na kusinyaa Januari.

Mgongo wa plaiwudi ya milimita 6 usiuache. Ndio unaozuia stendi kuyumba kushoto na kulia, na ndipo pa kutoboa matundu ya sentimita 6 kwa nyaya na hewa. Juu ya dikoda acha sentimita 10. Rimoti ya kawaida haipenyi mlango wa mbao, hivyo sehemu hiyo ibaki wazi. Wufa ikae sakafuni, la sivyo mgongo utanguruma kwa kila wimbo.

Kabla ya kukata chochote, pima umbali kati ya miguu ya TV. Nyingi za sasa zina miguu karibu na ncha, na uso mfupi hauzipokei. Penye watoto, ifunge TV ukutani kwa mkanda, plagi ya skrubu ya milimita 8 ikiingia ndani ya jiwe la ukuta lenyewe. Ikishika plasta peke yake, mtoto mmoja akining'inia inatosha kuing'oa.