Mazoezi Yalipwe: Kuigiza, Kutunga na Kufundisha Ngoma, Uingereza na Kwetu Mtwara

Kijana wa Mtwara anayeigiza, anayetunga tamthilia na kufundisha ngoma akiuliza wenzake wa London wanazimudu vipi kazi zote tatu, hujibiwa habari za vipaji, majumba makubwa na pauni. Majibu hayo hayamsaidii. Mimi naona tofauti kubwa kati ya huku Uingereza na kwetu ni moja: nani anazilipa saa ambazo hadhira haizioni. Huku sehemu kubwa ya saa hizo imo kwenye mkataba. Kwetu hazihesabiwi, na hizo ndizo zinazomchosha msanii hadi aache.

Tupige hesabu ya mfano. Kikundi cha watu 10 mjini Mtwara kimeitwa na shirika kucheza igizo la afya Tandahimba kwa shilingi 600,000. Toa 150,000 za kukodi gari, 50,000 za chakula na 40,000 za kuwamba upya ngoma iliyopasuka ngozi. Zinabaki 360,000, kila mtu 36,000. Kwa siku moja si haba. Lakini haikuwa siku moja. Mazoezi 8 ya saa 3 ni saa 24, na safari pamoja na onyesho ni saa 10. Jumla saa 34, yaani kama shilingi 1,060 kwa saa. Aliyetunga igizo alikaa na kalamu saa nyingine 20 na bado kapewa 36,000 zilezile; kwake saa moja imeshuka hadi karibu 670. Na kama aliahirisha madarasa yake ya ngoma ili awahi mazoezi, amepoteza na ada ya wanafunzi. Ndiyo maana katika kazi hizi tatu utunzi hufa kwanza. Kuigiza kuna makofi, kufundisha kuna ada japo kidogo, lakini kuandika hakuna anayekudai wala anayekulipa.

Huku chama cha waigizaji, Equity, kimekuwapo tangu 1930, na katika mikataba kiliyoijadili na wenye majumba ya maonyesho, wiki ya mazoezi ni wiki ya kazi. Tamthilia ya kawaida hufanyiwa mazoezi majuma 3 au 4, mwigizaji akipokea mshahara wake wa wiki. Ratiba ya kesho hutolewa leo. Kati ya kumaliza kazi usiku na kuanza tena asubuhi sheria inataka mapumziko ya saa 11. Mtunzi aliyeagizwa tamthilia hulipwa kwa mafungu: anapotia sahihi, anapokabidhi mswada, na unapokubaliwa. Onyesho likianza anapata asilimia ya mapato ya tiketi. Mtu mwenye mpangilio huo anaweza kumwambia mwenye ukumbi wa darasa lake, miezi miwili kabla, kwamba wiki fulani hatakuwapo.

Msidhani, ndugu zangu, kwamba huku hakuna jasho la bure. Lipo, ila limejificha kwenye usaili. Wakala, yule anayekutafutia kazi, anatuma kurasa mbili za mswada leo jioni, anataka vidio kesho au keshokutwa, na wala hulipwi kwa hiyo. Yapo pia maonyesho madogo ya kugawana faida, ambayo mara nyingi baada ya kulipia ukumbi hayabakishi faida ya kugawana. Wakala naye akikupatia kazi hukata kati ya asilimia 10 na 20. Waigizaji wengi hapa hukaa miezi bila jukwaa, na kinachowaweka mjini ni kufundisha.

Kabla mdogo wetu hajauza shamba la mikorosho la familia aje kujaribu, ajue jambo la viza, kwa sababu hili linawaumiza watu. Viza ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, lakini inakataza kujiajiri na inakataza kufanya kazi ya burudani. Kufungua darasa lako la sindimba, ngoma yetu ya Kimakonde, ni kujiajiri. Kupanda jukwaani kwa malipo ni burudani. Viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi nayo humfunga mtu kwa mwajiri aliyemdhamini. Kwa hiyo kazi zote tatu tunazozizungumzia zinaweza kuwa marufuku kwako siku unayoshuka kwenye ndege. Soma masharti ya viza yako neno kwa neno kabla ya kupokea hata pauni 10.

Aliye na ruhusa ya kujiajiri anakutana na kodi. Mwaka wa kodi huanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili. Ukipata zaidi ya pauni 1,000 za kazi binafsi ndani ya mwaka, unajisajili kabla ya 5 Oktoba inayofuata, na unawasilisha hesabu na kulipa kufikia 31 Januari. Hapo ndipo wageni wanapoanguka. Deni la mara ya kwanza likizidi pauni 1,000, mamlaka ya kodi hudai pamoja nalo nusu ya kodi ya mwaka unaofuata. Deni la pauni 2,000 linakuwa 3,000 siku hiyo ya Januari, kisha 1,000 nyingine 31 Julai. Na Januari ndio mwezi mkavu, maonyesho ya Krismasi yamekwisha na ada za muhula mpya hazijaingia zote. Tenga robo ya kila malipo siku yanapofika, kwenye akaunti nyingine, na tunza risiti za nauli, maleba na ada ya wakala, maana zinapunguza kodi.

Jambo ambalo naliona Waingereza wanalimudu kuliko sisi ni kalenda. Madarasa ya ngoma na dansi hufuata mihula mitatu ya shule, kila mmoja kama majuma 12 na likizo fupi katikati. Wazazi hulipa muhula mzima mwanzoni. Shule zikifungwa Desemba, maigizo ya Krismasi ya watoto ndiyo yamepamba moto, maonyesho mawili kwa siku. Agosti madarasa yamelala, na wengi wako Edinburgh kwenye tamasha lililoanza 1947. Kufundisha na kuigiza hupishana, na anayejijua huiweka asubuhi ya muhula kuwa ya kuandika.

Sisi tunayo kalenda iliyo wazi zaidi ya hiyo, basi tu hatuiandiki. Minada ya korosho ikianza Oktoba fedha huingia vijijini, na hapo ndipo harusi, sherehe na tiketi hulipika hadi Desemba. Masika yakishika, kuanzia Desemba hadi Aprili, onyesho la uwanjani ni kamari na ngozi za ngoma hulegea. Mwezi wa Ramadhani ngoma hunyamaza pwani yote, Kilwa hadi Mikindani. Shule hufunga Juni na Desemba, na jando na unyago huwavuta watoto wakati huo. Basi panga hivi: masika na Ramadhani ni miezi ya kutunga. Mei hadi Septemba fundisha kwa mkupuo wa wiki 8, ada ilipwe kwa wiki 4 za mwanzo kabla ya somo la kwanza. Oktoba hadi masika yashike Desemba ni jukwaa. Mwalimu anayekusanya ada kila siku mlangoni atasikia "kesho, mwalimu" hadi mwisho wa mwaka.

Usaili kwa vidio nao ni wa kuiga bila kusita. Filamu zetu nyingi huchagua waigizaji Dar es Salaam, na basi kutoka Mtwara ni safari ya siku nzima, kurudi siku nyingine, darasa limevunjika. Simu ya kawaida inatosha. Ilaze kwa upana kwenye kitu kisichotikisika, usawa wa macho, mwanga wa dirisha ukupige usoni, ukuta mtupu nyuma yako, ujionyeshe kuanzia kifuani. Anayekusomea maneno ya mhusika wa pili akae karibu na simu na apunguze sauti, la sivyo atakufunika. Jina na urefu wako utaje mwanzoni. Halafu usiitume WhatsApp kama vidio, inabanwa na kuharibika. Iambatishe kama faili.

Kuhusu mwili na sauti, kosa ni lilelile pande zote. Mwalimu anafundisha saa mbili akipiga kelele juu ya ngoma, jioni anapanda jukwaani hana koo. Siku ya onyesho darasa liishe kabla ya saa sita mchana, na lifundishwe kwa ngoma yenyewe. Wazee wetu hawapigi kelele: ngoma kuu hutoa mlio wa kukata, wachezaji wote wanabadili mwendo. Fundisha mlio huo siku ya kwanza na koo lako litapona. Magoti nayo yanataka uangalifu, kwa sababu sindimba huchezwa magoti yamekunjwa muda wote na kiuno ndicho kinachofanya kazi. Sakafu ya saruji haina mnepo. Nyumbani tafuta udongo ulioshindiliwa, huku tafuta ukumbi wa mbao. Dakika 15 za kupasha mwili zisipungue.

Kuna matatizo madogo ya huku ambayo nyumbani hayapo. Ngoma ndogo za Kimakonde zenye mguu uliochongoka zimetengenezwa zichomekwe ardhini. Kwenye sakafu ya ukumbi inabidi kuchonga stendi. Moto wa kukazia ngozi hauruhusiwi ndani, utaamsha king'ora, hivyo watu hutumia kikausha nywele, taratibu na kwa mbali. Wakati wa baridi mitambo ya joto hukausha hewa na ngozi hupasuka, kwa hiyo ngoma isikae karibu nayo. Ukumbi umekodiwa kwa saa, na saa ikifika mtu wa funguo amesimama mlangoni.

Na hilo la mlangoni ndilo linalonifanya niseme kwamba katika kiini cha kazi, kwetu ni bora. Huku sindimba hugeuzwa kuwa hesabu ya moja hadi nane ndani ya dakika 60, mwanafunzi anaondoka na hatua bila kujua huchezwa lini na anayejibiwa ni nani. Mtunzi naye anasubiri miezi ili mswada wake usomwe kwa sauti mbele ya watu. Newala au Nachingwea, mtunzi, mchezaji na mwalimu ni mtu mmoja bila kuambiwa achague. Anabuni mstari alasiri, jioni anaujaribu mbele ya kina mama ambao hawatakaa kimya ukiwa wa uongo. Waingereza wamezitenganisha kazi hizi tatu kisha wanahangaika kuziunganisha. Sisi tusizitenganishe. Tuzilipe tu.

Karatasi moja inatosha kuanzia, iandikwe kabla ya zoezi la kwanza. Iseme idadi ya mazoezi na malipo ya kila moja, hata yakiwa nusu ya malipo ya onyesho. Iweke fungu la mtunzi peke yake, lilipwe kwa awamu mbili, kuagiza na kukabidhi. Itaje maonyesho mangapi yamelipiwa, na kwamba kurekodi kwa redio au kuweka mtandaoni ni malipo mengine. Iseme onyesho likifutwa ndani ya siku 3 nusu inalipwa. Mswada uwe na jina na tarehe, usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kikundi kiwe na usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwa sababu shirika lenye wakaguzi halikatai bei kama linavyokataa kikundi kisicho na karatasi. Afisa utamaduni wa halmashauri atakuelekeza pa kuanzia.

Kwenye karatasi hiyo naomba liongezwe fungu la wazee. Kikundi kikipeleka mapiko, ngoma ya vinyago, au sindimba jukwaani kwa fedha, asilimia 10 iende kwa manju, kiongozi wa ngoma, na wapigaji waliofundisha, kijijini kwao, taslimu, wakijua ni ya onyesho gani. Na wao ndio waulizwe kwanza kipi cha jando na unyago kinaweza kuonekana na watu wote. Wakisema sehemu fulani haitoki nje, itolewe kwenye mswada, iwe ni Mtwara au London.