Dagaa wetu, kuku kwanza?

Haki ya chakula ikizungumzwa Kanda ya Ziwa, anayetajwa ni sangara. Alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akawamaliza furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wa aina nyingi, kisha vikaja viwanda: minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) yakaenda China, wenyeji tukaachiwa mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, ya kukaanga. Hilo limesemwa sana, na linastahili kusemwa. Lakini linaloniuma zaidi ni la dagaa. Hao ndio kitoweo cha asiye na uwezo, na sehemu kubwa yao inaishia kwenye chakula cha mifugo.

Si kwamba hawafai kuliwa. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na alfajiri wanafika mwaloni, mahali samaki wanaposhushwa, wakingali wanang'aa. Kinachowaharibu ni mchanga. Akina mama wanaowakausha huwamwaga chini, mbuzi na kuku wanapita humo humo, na mvua ikiwahi kabla hawajakauka, wanaoza. Hapo mnunuzi anayebaki ni wa chakula cha kuku, na bei anapanga yeye. Dagaa walewale wakianikwa juu ya kichanja cha miti na wavu hukauka upesi, hawana mchanga, na mama anauza kwa bei nzuri zaidi. Tofauti ya mlo wa mtoto na pumba ya kuku ni miti michache na wavu!

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Dagaa huliwa mzima, kichwa na miiba yake, kwa hiyo ukimsaga ukamtia kwenye uji, mtoto anapata protini, madini ya chuma na kalisi kwa pamoja.

Wafugaji nao wana familia, sina ugomvi nao. Kuku ana mashudu ya alizeti na soya. Mtoto wa kijiji cha wavuvi hana mbadala wa bei hiyo. Halmashauri zinatoza ushuru kwenye mialo hiyo hiyo. Sehemu ya ushuru huo ijenge vichanja, tena vikabidhiwe vikundi vya akina mama wanaokausha, si wachuuzi wakubwa. Na sisi wa mjini tukienda sokoni, tuulize dagaa wa kichanja, tukubali kuongeza hela kidogo.