Mama Amechoka Kupumzika

Kwenye jedwali nililolipanga kwa rangi nne, maneno "Mama apumzike" yalikuwamo mara kumi na moja. Asubuhi, Mama apumzike. Baada ya chakula cha mchana, Mama apumzike. Siku ya tano, ambayo sikuipangia kitu, niliandika: Siku huru, Mama apumzike. Nayasema haya mapema ili mkifika mahali ambapo wazee wawili wa Kizungu wanajipaka mwani magotini, mjue nia yangu ilikuwa njema.

Mama yangu ni mkulima wa mwani, Jambiani, Unguja. Kilimo hicho kilipoanza pwani yetu mwaka 1989 mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, na tangu hapo kila bamvua yumo majini, maji kiunoni, anafunga mwani kwenye kamba kwa tai-tai, vile vikamba vifupi, kimoja kimoja, anapigilia vigingi, anavuna, anaanika, anauza kilo kwa shilingi mia chache, kisha anaambiwa bei imeshuka. Ndivyo tulivyosomeshwa. Alipokuja kututembelea Toronto alikaa dirishani miezi mitatu akiangalia theluji na gari la taka. Siku moja akaniuliza, "Hawa wanalima nini?" Nikamwambia hawalimi kitu Mama, huu ni mji. Akanyamaza, akausikitikia mji mzima.

Hapo ndipo likaja wazo la Barbados, kisiwa cha Karibiani. Kutoka Toronto ni ndege moja, kama saa tano, na ukishuka unakuta jua, minazi na bahari. Dada yangu na mumewe wako Ottawa na mtoto mchanga, sisi tunao watatu, jumla na Mama tunakuwa tisa. Nikafungua kikundi cha WhatsApp, nikakiita "Barbados Inshaallah". Dada akataka kuogelea na kasa. Shemeji akataka samaki wa kuchoma wa Oistins, Ijumaa usiku. Mume wangu akataka kulala. Mwanangu mkubwa, wa miaka kumi na minne, akauliza kama kuna intaneti, akatoka kwenye kikundi. Mama hatukumwuliza. Ilikuwa zawadi, na mtu haulizwi zawadi.

Nyumba nikatafuta mimi. Pwani ya magharibi, ambako bahari imetulia kama maji ya ndoo, bei zake zilinifanya nifunge kompyuta na kunywa maji. Pwani ya mashariki, nyumba ya vyumba vitano, yenye bwawa la kuogelea na baraza inayotazama bahari, mwezi wa Juni, ilikuwa chini ya nusu. Kisiwa chenyewe hakizidi kilomita 34 kwa 23. Ndani ya Unguja ungepanga Barbados tatu na bado ukapata pa kuanikia nguo. Nikajisemea, kwani upande una nini? Nasema hivyo mimi, mtoto wa Jambiani, niliyekua nikijua kabisa kwamba pwani ya mashariki ndiyo inayopokea kila kinachoelea, kuanzia chupa mpaka manahodha.

Aibu ya kwanza haikungoja hata tufike nyumbani. Shemeji alikuwa amenunua kaptura ya madoamadoa ya kijeshi, na mtoto akamnunulia suti nzima ya madoa hayohayo, na kofia. Barbados raia haruhusiwi kuvaa nguo hizo, awe mkubwa awe mtoto, ni kosa la kisheria. Ofisa wa uwanja wa ndege alitueleza kwa upole sana, huku anamchezea mtoto kidevu. Mizigo ilikuwa haijatoka. Mama akafungua mkoba wake, akatoa kanga moja, akairarua katikati bila kusema neno: kipande kimoja mtoto, kipande kimoja shemeji. Kipande cha shemeji kilikuwa na jina: *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Shemeji, ambaye mchango wake wa nauli ulikuwa bado "unakuja", akapita mapokezi yote na maneno hayo makalioni. Sikusema kitu. Dada naye hakusema kitu, ila alipiga picha.

Tulifika usiku. Asubuhi niliamshwa na harufu.

Niwaambie ukweli, kila mtu alimshuku mwenzake. Mume wangu alikwenda kukagua choo. Dada alimgeuza mtoto, akamnusa, akamrudisha. Shemeji akasema ni mayai, kuna mayai yameoza jikoni, na jikoni hakukuwa na yai hata moja. Nikafungua mlango wa baraza ili hewa safi iingie, na harufu ikaingia yote kwa pamoja kama mgeni aliyekuwa anabisha tangu alfajiri.

Bahari ilikuwa ya kahawia. Sio maji yaliyochafuka, la. Ilikuwa imefunikwa. Mwani tangu ukingoni mpaka mbali, unapanda na kushuka na mawimbi kama busati linalopepewa, na pale mchangani umelundikana mpaka magotini, wa chini unaoza, wa juu unasubiri zamu. Niliangalia ile bei niliyojisifia kwenye kikundi. Nikaelewa.

Nyuma yangu nikasikia ndara. Mama alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu ashuke ndege Toronto.

"Kumbe mmenileta shamba," akasema.

Alishuka mchangani kabla ya chai. Akauokota, akauchambua, akauvunja, akaunusa. Akanieleza kama mwalimu: si spinosamu huu, wala kotonii, zile aina za kulimwa, huu una viputo vidogo kama zabibu, ndivyo vinavyouelesha. Nikatoa simu nikamsomea. Unaitwa sagasamu, umeanza kufika visiwa hivi kwa wingi mwaka 2011, mkanda wake unaweza kuanzia upande wa Afrika Magharibi mpaka Ghuba ya Meksiko, unaonekana kwa setilaiti. Ukioza unatoa gesi inayonuka kama yai viza. Hauliwi, una sumu ya aseniki.

"Hakuna aliyeupanda?"

"Hakuna, Mama."

"Hakuna kamba? Hakuna kigingi?"

"Umekuja wenyewe."

Akautazama ule mwani, maelfu ya tani, hauna mwenyewe. "Bure?" akasema, polepole, kama mtu anayelitaja jina la Mtume. Hapo ningekuwa na akili ningeifunga nyumba nikatupa funguo baharini.

Badala yake nikatafuta mpango wa pili. Nilikodi gari tuvuke kwenda ghuba ya Carlisle kwa kasa, ambako bahari ilikuwa bado bahari. Kule wanaendesha kushoto kama kwetu, na ZR, daladala zao, zinakupita kwenye kona muziki ukitetemesha vioo, mpaka shemeji akatokwa na machozi ya kukumbuka Darajani. Mama akakataa kuja. "Mmesema nipumzike. Basi niacheni nipumzike." Niliona ni haki. Nikamwachia kijana wangu amwangalie bibi yake. Kijana akakubali haraka mno, kwa sababu ya intaneti.

Kasa tuliwaona. Walikuwa wazuri. Tuendelee.

Tulirudi jioni, na kutoka barabarani nikaona nyumba imebadilika rangi. Baraza yote imetandazwa mwani. Vitanda vya kuotea jua, mwani. Kamba ya nguo, mwani, umebanwa kwa vibanio vya nguo, mmoja mmoja kwa nafasi sawa. Meza ya chakula imetolewa nje, imeinamishwa, mwani. Katikati ya yote, wazee wawili wa Kizungu, mke na mume, suruali zimekunjwa, wanaupindua mwani ukauke upande wa pili, huku Mama anawaelekeza kwa kijiti. Magoti yao yalikuwa yamepakwa mwani mbichi.

Yule mzee alinifuata, amefurahi, jasho linamtiririka, akaniuliza mafunzo haya ni dola ngapi kwa kichwa na kama kesho yapo.

Nikamwita kijana wangu pembeni. "Umewaambia nini hawa?"

"Walipita wakauliza Bibi anafanya nini. Bibi akasema mwani ni dawa ya umaskini. Sasa hilo neno la mwisho silijui."

"Ukafanyaje?"

"Nikaliruka."

Kwa hiyo ilikuwa dawa. Mama alishangaa kidogo kuona wageni wanajipaka, lakini vibarua wa bure hawahojiwi mambo yao ya magoti.

Nilikuwa bado sijaangalia bwawa. Mwani wa ufukweni una mchanga, na mawimbi ya upande ule hayamruhusu mtu kusimama akausuuza. Mama akaona pale uani kuna birika kubwa la maji safi halina kazi. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya mkandaa. Pampu ilikoroma mara mbili, ikapiga kikohozi, ikanyamaza. Ule mwani huja na wakazi wake, vijikaa na uduvi, na sasa walikuwa wanakimbizana juu ya vigae huku mtoto wangu wa mwisho akiwaita majina.

"Mama, hili ni la kuogelea!"

"Bahari yote ile, mtu anaogelea humu?"

Sina jibu la swali hilo mpaka leo.

Msimamizi wa nyumba ni mama mtu mzima anayekaa juu kidogo ya kilima. Nilimpigia mwenyewe, nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Alikuja, akasimama getini, akaangalia baraza, kamba, meza, bwawa, Wazungu. Kisha akaangua kicheko akashika nguzo. Wao huusuuza chumvi, akasema, wakautia bustanini kuwa mbolea. Na watu wa chuo kikuu pale kisiwani wameshatengeneza gesi ya kuendeshea gari kutokana na mwani huohuo na majitaka ya kiwanda cha ramu. Nilipomtafsiria Mama habari ya gari, alinitazama kana kwamba siku zote nilikuwa namficha.

Mama na yule msimamizi hawakuwa na neno moja la pamoja, na kufikia magharibi walikuwa wamejaza magunia sita. Yule mama akaahidi kutuletea chakula. "Cou-cou," akasema, na Mama akaelewa bila mkalimani. Kuku! Akaninong'oneza nihakikishe kachinjwa kwa bismillahi.

Ilikuja sahani kubwa imefunikwa. Mama akafunua. Ulikuwa ugali, wa unga wa mahindi, umesongwa na bamia ndani, pembeni samaki wale warukao na mchuzi. Mama akauinua ugali kwa kijiko, akachungulia chini.

"Kuku yuko wapi?"

Nikamwambia, Mama, huyu ndiye kuku. Alikula akaongeza, lakini mpaka analala alikuwa anarudia kwamba tumepanda ndege ya pesa nyingi kuja kula ugali na bamia na kunusa mwani, na kwamba Jambiani vyote hivyo vipo.

Mwenye nyumba hakuwa na ucheshi wa msimamizi wake. Alikata dola 300 za Barbados kwenye amana, za fundi wa pampu. Mama akauliza ni shilingi ngapi, nikamwambia, akahesabu kwa vidole ni kilo ngapi za spinosamu mkavu, akanyamaza muda mrefu.

Siku nne zilizobaki alikwenda kwa rafiki yake kilimani kila alfajiri, akirudi na udongo kwenye kucha. Jedwali langu nililikuta kwenye friji. Kila penye "Mama apumzike", kijana wangu alikuwa ameandika kwa kalamu, kwa amri ya bibi yake: *Nimechoka kupumzika.*

Kwenye ndege ya kurudi nilikuwa nimefumba macho, kichwa kinaniuma, najiapiza sipangi tena safari ya mtu yeyote. Akanigusa bega.

"Mwakani," akasema, "utafute nyumba yenye birika kubwa kidogo."