Treni Haikuharibika, Niliisimamisha Mimi

Kwanza tuelewane: ile treni ya rolakosta, ya burudani, inayopandishwa juu kwenye vyuma kisha ikaporomoka, haikuharibika. Kwamba iliharibika, na mimi nikalia nikimwita mama, ni maneno ya shoga yangu, na najua mmeshayapata, maana tangu jana usiku simu yangu haijapumzika. Treni ilikuwa nzima, reli nzima, mnyororo mzima. Kibovu nilikuwa mimi.

Pili, sikulia nikimwita mama. Nilimwita baba. Mama nilimtaja mbele huko, nilipofika kwenye mgawanyo wa vitu.

Mnanijua nilivyo. Nikikijua kitu sikai nacho. Kwenye foleni ya rolakosta tulisimama karibu saa nzima, na ndani ya saa hiyo nilifungua darasa. Mtoto mmoja aliuliza kama treni inaweza kuchomoka ikaruka. Nikamwambia mwanangu, tulia: kila behewa lina magurudumu ya aina tatu, ya juu ya reli, ya ubavuni, na mengine yanaishika reli kwa chini, tangu mbunifu wa rolakosta wa Marekani, John Miller, alipoyapatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1919. Watu wakasogea. Mzee mmoja akavua miwani anisikilize vizuri. Nikapandisha sauti.

Shoga yangu akauliza, na umeme ukikatika? Nikamcheka. Breki za mwisho ni za sumaku, shoga, haziulizi umeme. Bapa la madini lililo chini ya treni likipita katikati ya sumaku, mwendo unapungua wenyewe bila kitu kugusana. Akaniangalia, akasema basi panda wewe uliyesoma, mimi nashika mikoba. Kumbukeni hilo: huyu anayewasimulia habari za treni hakupanda treni.

Sasa simu. Bango lilikuwepo, kubwa, lenye picha ya simu iliyopigwa mstari mwekundu. Rafu za kuweka vitu zilikuwepo. Mhudumu alisema kwa mdomo wake, vitu vyote vya mkononi na mfukoni viachwe hapa. Mimi nilikuwa na suruali isiyo na mfuko hata mmoja, kwa hiyo nikajiambia agizo halinihusu, nikaichomeka simu kwenye soksi. Mtu mzima. Nilipokaa nikaichomoa, nikaikalia.

Nilipata kiti cha mbele kabisa. Chuma cha mapajani kikashuka, mhudumu akakivuta juu, akakisukuma chini, akainua dole gumba. Upande wa pili mwenzake naye akainua. Pale lazima wabonyeze wawili kwa pamoja ndipo treni itoke, mmoja peke yake hawezi kuiruhusu, na hilo nalo nilikuwa nimeshalifundisha. Nikawapungia wanafunzi wangu wa foleni. Wakanipungia.

Tukaanza kupanda. Taka-taka-taka-taka. Huo mlio ndio ulioniponza. Unatoka kwenye chuma kilicho chini ya treni, kinachodondokea kwenye meno yaliyopangwa njiani kama ya msumeno. Kila taka ni jino moja limepitwa, na likishapitwa, treni haiwezi tena kurudi chini hata mnyororo ukikatika. Nikaona kitu kizuri hivi wenzangu wa grupu la tuliosoma pamoja watakikosaje? Nikaitoa simu, nikashikilia kitufe cha kurekodi sauti, nikanyoosha mkono juu kabisa ili mlio uingie vizuri. "Wapenzi, mnasikia hiyo taka-taka? Huo ndio usalama wenyewe. Ukisikia hivyo, usiogope kitu."

Ikanyamaza.

Jamani, ngoja niwaeleze kunyamaza kwa treni iliyoelekea mbinguni. Mgongo umelala, miguu iko juu kuliko kifua, mbele huoni reli, unaona wingu. Upepo unapita kwenye vyuma unapiga mluzi. Nyuma yangu mtu akasema "mh". Mimi kidole bado kiko kwenye kitufe.

Kisha treni ikarudi nyuma.

Ilirudi kiasi gani? Kama upana wa vidole viwili. Mnyororo ulisimama, uzito ukakaa kwenye lile jino, ikalia ngang! Yaani ni kile kile nilichotoka kukieleza, kinafanya kazi ile ile niliyoisema, mbele ya macho yangu. Elimu yote ikanitoka kwa mkupuo mmoja. Kelele niliyopiga hapo mmeisikia, na kuna wawili kati yenu mmeiweka kuwa mlio wa simu. Nawajua.

Akili ikishakukimbia haikuachii kitu cha maana. Badala ya kunikumbusha meno na vyuma, yangu ilinikumbusha Kingda Ka, ile rolakosta ya New Jersey, Marekani, iliyokuwa na mnara wa mita 139, ambayo mara nyingine treni ilikuwa ikirushwa, inakaribia kileleni, inaishiwa nguvu, inateleza kurudi kinyumenyume. Ile haikuwa na mnyororo, ilirushwa, na chini breki zilikuwa zinaisubiri, haifanani kabisa na hii. Nilijua. Magoti hayakujua. Nikatamani ningeishi enzi za LaMarcus Thompson, aliyefungua rolakosta yake 1884 pale Coney Island, New York, ambapo kigari kilikwenda kama kilomita 10 kwa saa, kikifika mwisho mnashuka kwa miguu yenu na wahudumu wanakisukuma.

Ndipo nikaanza kuusia.

"Baba! Baba yangu, nisamehe. Mama achukue kitanda. Cherehani apewe mdogo wangu, asiiuze. Shoga, shoga yangu, lile gauni lako la kijani lililopotea kwenye kamba... usimlaumu jirani tena. Liko kwangu. Liko kwenye begi juu ya kabati, nilitaka kulivaa mara moja tu..."

Na hapo spika ikakohoa.

"Dada mwenye blauzi ya njano, kiti cha mbele. Weka simu mfukoni tafadhali. Treni haina tatizo. Tunakusubiri wewe."

Watu wanasema walitamani ardhi ipasuke iwameze. Ardhi yenyewe ilikuwa huko chini sana, hata ingepasuka isingenifaa. Nikawa mdogo kama piritoni. Kumbe kibandani wana kamera, na mkono wangu ulikuwa umesimama kama mlingoti. Na wana haki, sibishi: simu ikikuponyoka kwenye mteremko wenye kasi ile inageuka jiwe, na walio nyuma yako wana nyuso.

Ningeweka mfukoni mambo yangeishia hapo. Nikapaza sauti, "Sina mfuko!" Spika: "Hatukusikii, dada." Abiria wa nyuma yangu akapokea, "Hana mfuko!" Wa nyuma yake, "Anasema hana mfuko!" Ikashuka behewa kwa behewa mpaka mkia wa treni, na huko mkia mtu mwenye sauti ya kunadi mitumba akaimalizia mpaka kibandani. Kurudisha kwenye soksi siwezi, chuma cha mapajani kimenifunga, siinami. Kuikalia tena hawakubali, wameshaiona.

Kwa hiyo kijana akapanda. Pembeni kuna ngazi, akavaa mkanda wake, akajifunga kwenye waya, akaja hatua moja moja. Muda wote huo treni ya pili imejaa watu na haiwezi kutoka kituoni, kwa sababu kipande kimoja cha reli hakiingii treni mbili, na kipande hicho nimekikalia mimi. Hata hilo nilikuwa nimelifundisha. Darasa langu zima lilikuwa limesimama pale chini, limeinua shingo.

Akafika. Anahema kidogo. Akafungua kijifuko chenye zipu, na kwa adabu zote akasema, "Shikamoo, mama."

Kwenye spika nilikuwa dada. Kwa karibu nikawa mama.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. Mkono ulikuwa unatetemeka, nikaachia kidole nimpe simu. Wale mnaotumia WhatsApp mnajua ukiachia kidole kinachofuata ni nini. Ikaenda. Yote: taka-taka, ngang, kelele, baba, cherehani, gauni, spika, hana mfuko, shikamoo na marahaba. Shoga yangu kaipokea chini nikiwa bado niko juu, na kwa uungwana wake akaifungua kwa sauti, foleni isikilize.

Kilichofuata sikijui. Tuliteremka, tukapinduliwa, sumaku zikatupunguza mwendo, nilikuwa nimefumba macho. Kwenye ile picha inayopigwa mteremkoni wenzangu wote wamenyoosha mikono, mimi nimeuziba uso. Shoga kainunua. Wahudumu wakaniambia kwa upole nisipande tena siku hiyo, nikawaambia wala wasijali. Kwenye kutoka nikapishana na yule mtoto wa foleni, akaniuliza kwa nia njema kabisa, "Mama, mwaka 1919 walikuwa wanaweka wapi simu?"

Gauni limefuatwa jioni ile ile, hata kabla sijavua viatu. Amelikagua mshono kwa mshono, sasa anadai nimelitanua kiunoni. Basi mlioniona nalo kwenye ile harusi, mkanyamaza mkidhani ni langu, semeni ukweli hapa mbele yake: kati yangu na yeye, lilimkaa nani?